Shahidi wa Jezi ya Kijani

Mwezi wa Julai, kijiji cha Nampunda hubadilika rangi. Ni msimu wa kupulizia mikorosho salfa, dawa ya kuzuia ukungu, na unga wake wa njano hutua kila mahali: juu ya makuti ya nyumba, kwenye kanga zilizoanikwa, hata kwenye nyusi za watu. Kazi hiyo hufanywa alfajiri, umande ungali kwenye majani, ili unga ushike vizuri. Mwaka ule wa 2002, Hadija alikuwa darasa la saba. Kila siku aliamka na baba yake, Mzee Abdallah, wakaenda shambani. Jua lilipochomoza alirudi nyumbani, akanawa, akanywa uji wa muhogo, akachukua ndoo yake na kwenda shule.

Hadija alikuwa mwanafunzi hodari na alilijua hilo. Baba yake alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na mara nyingi watu walimwambia, "Huyu mtoto amefuata akili zako." Hadija alipenda sana kusikia maneno hayo.

Mtu ambaye Hadija hakumpenda alikuwa Shafii, aliyesoma naye darasa moja. Shafii aliishi na bibi yake, Bi Rehema. Alikuwa mcheshi kupita kiasi. Aliigiza sauti ya Hadija anapojibu maswali, na darasa zima likacheka. Mwaka uliopita alikamatwa juu ya mchungwa wa jirani, shati limejaa machungwa, na tangu siku hiyo watu wengine walimwita mwizi hata pale ambapo hakuna kilichoibiwa.

Jumatatu moja, wanafunzi wakiwa mstarini, Mwalimu Mkuu Isaya alisimama mbele yao akiwa amekunja uso.

"Gunia la salfa limetoweka stoo," alisema. "Mnajua korosho za shule ndizo zinazotununulia madawati. Tusipopulizia sasa, maua yote yatakauka. Kama kuna aliyeona chochote, aseme."

Hadija alikumbuka. Jana yake alasiri alikuwa anatoka kisimani, na ng'ambo ya uwanja wa mpira aliona mtu akitoka nyuma ya stoo na gunia kichwani. Mtu huyo alimpa mgongo. Alivaa jezi ya kijani, na Shafii alikuwa na jezi ya kijani.

Akanyoosha mkono. "Mwalimu, nilimwona Shafii."

Macho yote yakamgeukia Shafii. Kaptula yake ilikuwa na vumbi la njano.

"Si mimi, mwalimu," Shafii alisema. "Jana sikufika shule kabisa."

"Na hiyo salfa kwenye kaptula yako imetoka wapi?"

"Nilikuwa napulizia mikorosho ya bibi."

"Ya bibi, kwa salfa ya shule," alisema kiranja mmoja, na watu wakacheka.

Kesi ikaishia hapo. Mwalimu Mkuu alitangaza kwamba Ijumaa, Siku ya Wazazi, Shafii angechapwa viboko mbele ya wazazi wote, kisha angesimamishwa masomo hadi bibi yake alilipe gunia lile. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa Septemba. Kila mtu alijua Bi Rehema hana uwezo wa kununua gunia la salfa, kwa hiyo kila mtu alijua Shafii hatafanya mtihani.

Jioni, Mzee Abdallah alirudi kutoka barazani akiwa na furaha. "Wazee wote wamekusifu," alimwambia Hadija. "Nimewaambia, binti yangu ana jicho, tena haogopi kusema." Hadija alitabasamu. Usiku huo alilala vizuri.

Siku ya Wazazi darasa la saba walitakiwa kuonyesha mchezo wa kuigiza. Mwalimu Felista, aliyetoka Bukoba na kufundisha Uraia, ndiye aliyeutunga. Ulihusu mahakama ya Uingereza ya zaidi ya miaka mia mbili iliyopita.

"Mahakama zetu tumezirithi kwa sehemu kubwa kutoka kwa Waingereza," aliwaeleza siku ya mazoezi. "Lakini msidhani wao walizaliwa na haki mkononi. Zamani zile, katika jiji la London, mtu aliyeiba ndani ya nyumba ya mwenzake kitu cha thamani ya shilingi arobaini alihukumiwa kunyongwa. Aliyeiba kitu cha thamani ndogo kuliko hiyo alichapwa hadharani, au alipigwa chapa ya chuma cha moto kwenye kidole gumba, au alipakiwa melini akapelekwa ng'ambo kufanya kazi ngumu. Watu walikwenda kutazama hukumu hizo kama mnavyokwenda kutazama ngoma."

"Wakili wake alikuwa wapi?" aliuliza Idrisa.

"Wengi hawakuwa na wakili. Kesi nyingi zilikwisha kabla sufuria ya maharage haijachemka. Shahidi alisema, mshtakiwa alikana, na watu kumi na wawili wa baraza wakaamua. Wengine kati yao walikuwa na huruma. Walimwona msichana mdogo mbele yao, wakasema kitambaa alichoiba hakifiki shilingi arobaini, hata kama kilizidi, ili tu asinyongwe. Baadaye mawakili wakaanza kuruhusiwa kuwahoji mashahidi. Hapo ndipo mambo yalipoanza kubadilika, kwa sababu ya maswali."

Katika mchezo, Raheli aliigiza msichana wa kazi aliyeshtakiwa kwa kuiba kitambaa cha hariri. Idrisa alikuwa tajiri wake na shahidi wa mashtaka. Hadija alikuwa wakili. Alifunga kitenge cheusi mabegani, akasogea mbele na kuanza.

"Bwana, unasema ulimwona mshtakiwa akitoka na kitambaa. Uliuona uso wake?"

"Niliuona mtandio wake mwekundu," alijibu Idrisa.

"Sikukuuliza mtandio. Uliuona uso?"

"Hapana. Alinipa mgongo."

"Na katika jiji hili, ni wanawake wangapi wanaovaa..."

Hadija akanyamaza. Wenzake walidhani amesahau maneno, wakaanza kumnong'oneza. Hakuwa amesahau. Alikuwa anaona ng'ambo ya uwanja wa mpira, na mgongo wa kijani unaokwenda zake.

"Endelea, Hadija," alisema Mwalimu Felista.

"Mwalimu, shahidi akikosea, bila kutaka kusema uongo, inakuwaje?"

Mwalimu Felista alimgeukia. "Kama hakuna wa kumuuliza, mwenzake anaadhibiwa," alisema. "Na shahidi anakwenda nyumbani kula."

Kesho yake alfajiri, Hadija alikuwa shambani na baba yake. Mzee Abdallah alibeba mashine ya kupulizia mgongoni, na Hadija alibeba mfuko wa salfa nyuma yake. Mashine ilinguruma mpaka wakafika mwisho wa mstari. Baba alipoizima ili kuongeza unga, Hadija alisema kwa haraka kabla hajapoteza ujasiri.

"Baba, sikumwona Shafii. Niliona jezi."

Mzee Abdallah aliweka mashine chini polepole. "Ulisema ulimwona."

"Niliona mgongo, nikajaza uso mwenyewe. Kwa sababu ni Shafii."

Baba yake alivua kitambaa alichojifunga puani. Alitazama vumbi la njano likishuka juu ya majani. Hadija alijua anafikiria nini. Mwenyekiti wa kamati, aliyejisifu mbele ya wazee wenzake, sasa angewaambia nini?

"Ungeweza kunyamaza," hatimaye alisema. "Kesho ingepita."

"Ingepita kwangu, baba. Si kwa Shafii."

Mzee Abdallah alikung'uta kitambaa chake. "Basi utasema mwenyewe, mbele ya watu walewale. Sitakusemea. Ila nitakuwa nimekaa palepale mbele, ukitafuta pa kutazama, nitazame mimi."

Ijumaa, uwanja wa shule ulijaa. Wazazi walikaa kwenye mikeka na madawati, na vijana wakasimama nyuma. Shafii alisimamishwa pembeni ya meza kuu. Siku hiyo hakumwigiza mtu yeyote. Bi Rehema alikuwa amekaa peke yake mwisho wa mkeka, kichwa ameinamisha.

Mwalimu Mkuu alipoanza kusoma kosa, Hadija alisimama.

"Mwalimu, naomba nafasi. Mimi ndiye shahidi, na ushahidi wangu si sahihi."

Minong'ono ikaenea. Hadija alimtazama baba yake. Mzee Abdallah alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti.

"Nilisema nilimwona Shafii," aliendelea. "Niliona mtu kwa mbali, amenipa mgongo, amevaa jezi ya kijani. Uso sikuuona. Nilichosema zaidi ya hapo kilikuwa mawazo yangu."

"Na salfa kwenye kaptula yake?" aliuliza mzazi mmoja.

Hadija alivuta pumzi. "Naomba kila mtu mwenye salfa kwenye nguo anyooshe mkono."

Watu wakajitazama. Mkono mmoja ukanyooka, halafu mwingine, halafu mikono kama msitu. Mwalimu Mkuu Isaya aliinama, akaona pindo la suruali yake lilivyokuwa la njano. Akanyoosha mkono naye. Kicheko kikapita uwanjani, hata Bi Rehema akainua kichwa.

"Nina swali moja tu," alisema Hadija. "Mlango wa stoo ulivunjwa?"

"Haukuvunjwa," alijibu Mwalimu Mkuu. Alisema kana kwamba anajisikia mwenyewe akitamka neno hilo kwa mara ya kwanza. "Kufuli lilikuwa zima."

"Basi aliyeingia alikuwa na ufunguo. Shafii angeupata wapi?"

Sasa watu wote walimgeukia Mzee Mohamedi, mlinzi wa shule, kwa sababu ufunguo wa stoo hulala kwake. Mzee Mohamedi alivua kofia yake.

"Sikuchukua gunia," alisema. "Lakini ufunguo uliondoka mkononi mwangu. Jumapili mpwa wangu Hassani aliniomba aingie kuchukua pampu ya mipira. Nikampa. Niliposikia habari za gunia niliogopa kazi yangu."

Hassani alikuwa mchezaji wa timu ya kijiji, ileile iliyoipa shule jezi zake kuukuu za kijani. Alikuwa miongoni mwa vijana waliosimama nyuma. Alijaribu kutazama pengine, kisha akasogea mbele.

"Ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Mikorosho yangu ilikuwa inaungua ukungu. Nilitaka kulirudisha nikipata jingine."

"Apigwe," alisema mtu nyuma, na wengine wawili watatu wakaitikia. Kijana mmoja aliokota fimbo.

Mzee Abdallah alisimama, akaenda kusimama kati ya Hassani na vijana wale. "Hakuna atakayepigwa hapa," alisema. "Sasa hivi tulikuwa tayari kumchapa mtoto asiye na kosa, kwa sababu tulikuwa na haraka. Mimi mwenyekiti nilikuwa wa kwanza kujisifu. Hassani atarudisha salfa yote, na msimu wote atapulizia mikorosho ya shule kila alfajiri. Adhabu ilingane na kosa, na mikorosho ipone. Mnakubali?"

Walikubali. Kijana aliyeokota fimbo aliiacha ianguke.

Kisha Mzee Abdallah alimwendea Shafii, akampa mkono kama anavyompa mtu mzima mwenzake, akamwomba radhi. Mwalimu Mkuu naye alifanya hivyo. Akaenda hadi kwenye mkeka wa Bi Rehema, akachutama na kumwomba radhi vilevile. Hadija alikuja wa mwisho.

"Nisamehe, Shafii. Nilikukosea."

Shafii alimtazama. "Nimekusamehe," alisema. "Ila hilo swali la kufuli, mbona hukuuliza Jumatatu?"

"Jumatatu sikuwa wakili."

Shafii alicheka, na Hadija akacheka naye.

Kisha mchezo ukaanza. Raheli alishtakiwa, Idrisa akatoa ushahidi wake, na Hadija alipouliza, "Uliuona uso wake?" uwanja mzima ulikaa kimya kama msikitini. Baraza lilipotamka kwamba msichana yule hana hatia, wazazi walipiga makofi mpaka kuku wakakimbia.

Shughuli zilipokwisha, Bi Rehema alimshika Hadija mkono, akamwongoza hadi kwa baba yake. "Mzee Abdallah," alisema, "leo umeona ulichozaa."

"Nimeona, mama," alijibu Mzee Abdallah.

Walirudi nyumbani kwa miguu, baba na binti. Walipita katikati ya mashamba, na watu waliokutana nao walimsalimia Hadija kabla ya baba yake. Kisha Mzee Abdallah akasimama.

"Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," alisema. "Kidole huumia chako mwenyewe. Ulimi ukijikwaa, anaumia mwingine. Ndiyo maana shahidi anatakiwa kusema alichokiona, na kukoma pale macho yake yalipokomea. Na akijua amekosea, asingoje kuulizwa."

"Nimeelewa, baba."

"Jumatatu nilijivunia binti anayejua kila kitu. Leo najivunia binti anayeweza kusema mbele ya kijiji kizima kwamba hakujua. Wa leo ni mkubwa zaidi."

Akamshika bega, wakaendelea na safari.