Saba Iliyofifia

Wapakiaji wawili walikuwa wakichapana nondo katikati ya mtaa wa vipuri. Watu walikimbia ovyo, na fundi saa mmoja aliyeitwa Cheche kwa ukali wake alikumbatia boksi lake la taa akitafuta pa kujificha. Mkono ukamvuta chini ya meza. Nondo iliyokuwa imwangukie yeye ikatua kwenye bega la mwenye mkono, muuza vipuri mrefu mwenye sauti nzito.

"Dada, umeumia?"

"Taa zangu zimepona?"

"Nimekuuliza wewe, si taa!"

Cheche akacheka, damu ya mtu asiyemjua ikilowesha gauni lake la njano. Walianza kupendana hapo hapo.

Taa zenyewe zilikuwa vichupa vya kioo vya kizamani, ndani vina namba za waya, sifuri hadi tisa, zinazowaka rangi ya kaa la moto. Cheche alikuwa nazo tano, na saa yake ilitaka sita: mbili za saa, mbili za dakika, mbili za sekunde. Muuza vipuri akamletea ya sita.

"Mpya, mpenzi. Haijawahi kuwashwa."

Mwaka mzima saa iliwaka, na simu hazikukatika.

"Umekula?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Acha uongo, nenda kale."

Kisha Cheche akaamua kupanga taa upya. Ile ya sita, iliyokuwa ya kwanza upande wa saa, akaihamishia nafasi ya mwisho ya dakika. Namba saba ikatokea imefifia, nusu yake haionekani. Akabadili rezista, kile kipande kinachopunguza umeme, wapi! Akaihamishia nafasi nyingine, na ugonjwa ukaifuata. Basi ubovu ulikuwa ndani ya taa yenyewe. Hasira zikampanda.

Mchana huo muuza vipuri aliingia amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri.

"Umeniuzia taa iliyochoka!"

"Mimi? Haki ya Mungu..."

"Tapeli mkubwa!"

Akamrushia chuma cha kulehemu, cha moto. Kikamchoma mkono, nyama ikanuka. Kaka yake Cheche, bondia aliyemlea tangu wazazi wao wafariki, alisikia neno tapeli tu. Aliingia na ngumi. Ya kwanza ilipasua mdomo, ya pili ikang'oa jino, na shati likawa jekundu hadi kiunoni. Cheche alisimama akitazama. Hakusema hata "basi".

Siku ya tatu aliiwasha taa ile namba moja moja. Sifuri, moja na mbili zikawaka safi. Kuanzia tatu hadi tisa, zote hafifu. Saa yake ilihesabu sifuri hadi ishirini na tatu, kwa hiyo namba ya kwanza haizidi mbili kamwe! Zile namba nyingine zilikaa mwaka mzima bila kuwashwa, zikishika masizi ya wenzao. Na aliyeiweka taa pale ni yeye. Akaiongezea namba saba umeme, akaiacha iwake mfululizo. Kesho yake asubuhi ilikuwa imetakata.

Akapiga simu mara kumi na moja ndipo ikapokelewa.

"Mbona hupokei?"

"Mdomo una nyuzi sita," sauti ikakwaruza.

Alimkuta kwenye meza ile ile ya siku ya nondo, uso umevimba, mkono una bandeji.

"Nilikuonea. Kosa lilikuwa langu. Umepona?"

"Taa imepona?"

"Nimekuuliza wewe, si taa!"

Hakucheka. "Unajua kwa nini nilivaa lile shati? Nilikuja kuzungumza na kaka yako. Kukuposa."

Cheche akalia kwa sauti, wateja wakageuka.

"Njoo tena. Nakuomba. Kaka mwenyewe atakufungulia mlango."

"Na ngumi zake je?"

"Nitamfunga kamba."

Tabasamu likavuta nyuzi, akaguna kwa maumivu. Cheche akainua mkono amguse shavu. Muuza vipuri akajikunja haraka, akakinga uso.

Cheche akaurudisha mkono wake, akauweka mezani, kiganja juu. Hakuusogeza tena. Baada ya muda mrefu, muuza vipuri aliuchukua mwenyewe, polepole, akauweka kwenye shavu lake lililovimba.