Dari Isiyokauka

Jumamosi duka la vifaa vya ujenzi hujaa mpaka mlangoni, na kila mtu ana haraka. Katikati ya msukumano ule alisimama dada mmoja, mpokea simu wa kampuni ya bima, ambaye ofisini walimbatiza Dada Haloo. Alikuwa amekumbatia debe la rangi kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani. Gauni lake la kijani lilipigwa pasi vizuri mno kwa safari ya dukani, lakini masikini, hakuwa na pengine pa kulivalia.

"Dada, hiyo unaenda kupaka wapi?"

Akageuka. Kijana mrefu, shati la kazi lina madoa ya kila rangi, na kicheko hakiko mbali.

"Darini. Kuna doa."

"Paa linavuja?"

"Kidogo."

"Basi hapo unajipaka poda kabla ya kunawa uso. Rudisha debe."

"Wewe nani wa kuniamrisha?"

"Fundi. Tena leo sina kazi."

Dada Haloo akacheka, akashtuka kusikia kicheko chake mwenyewe. Kilikuwa hakijatoka siku nyingi.

Fundi akaja. Akaziba matundu ya misumari kwenye mabati, akakata ubao wa jipsamu uliooza darini, akaweka kipande kipya. Sehemu iliyobaki ilitakiwa kukauka.

"Nikipaka juu ya unyevu, doa litarudi," alisema, kiganja amekibandika darini. "Nitapita kila jioni kuangalia. Ikikauka napaka, namaliza, nakuacha upumzike."

Nakuacha. Neno hilo hakulipenda. Kutwa alipokea simu za watu, "haloo, nikusaidie nini," lakini nyumbani simu yake haikulia. Tangu mama yake afariki hakuna aliyemuuliza amekula nini. Sasa kulikuwa na mtu wa kumbishia hodi, tena wa kumpigia mchana.

"Haloo! Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Mgonjwa gani?"

"Dari, bwana. Au na wewe unaumwa?"

"Mimi mzima."

"Sauti haisemi hivyo, mpenzi."

Akajifanya hakulisikia hilo la mwisho, halafu akashinda nalo kutwa.

Ndipo akafanya kituko. Kila jioni kabla fundi hajafika, alipanda mezani na chupa ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi, akailowesha dari. Akashuka, akafuta mikono, akafungua mlango kana kwamba hakuna kitu.

"Bado ina unyevu," fundi alisema, akikunja uso.

Mwanamke wa watu alidhani anajiibia jioni mbili tatu tu. Kumbe alikuwa anamvunja mwenzake moyo! Fundi alirudi juu ya paa, akang'oa misumari aliyoipigilia mwenyewe, akapigilia upya. Akakataa kazi za watu wengine. Utani ukamwisha.

Jioni moja akashuka mkono unatoka damu, suruali imechanika gotini.

"Nimeteleza, kidogo nianguke," alisema. "Dada, tafuta fundi mwingine. Pengine kazi hii siijui."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Paa silioni kosa, na dari inalowa!"

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye ninayeilowesha, kwa chupa ya kupigia pasi." Machozi yalishafika. "Nilijua ikikauka hutarudi tena."

Fundi alimkodolea macho, hasira ikampanda.

"Nusura nife kwa chupa ya maji! Mimi usingizi sipati, wewe unanichezea?"

"Sikukuchezea, wallahi. Niliogopa."

Kesho yake, dari imekauka, akaja, akapiga msasa, akapaka praima ya kutangulia, akapaka rangi, bila hata salamu. Akabeba ngazi yake, akaenda zake.

Dari ikawa nyeupe pee. Dada Haloo alijilaza akiitazama, upweke ukimkaba kuliko mwanzo, maana sasa alijua anachokikosa. Ofisini haloo, haloo; nyumbani kimya. Mwisho akashika simu, akampigia fundi.

"Inavuja?" sauti kavu ikauliza.

"Hapana. Kazi yako haina kasoro."

"Sasa?"

Kila siku aliuliza wengine wasaidiwe nini. Kuomba yeye mwenyewe hakujua pa kuanzia.

"Niko mpweke," akasema. "Nimekukumbuka. Njoo tu, hakuna kazi yoyote. Na unisamehe."

Alisikia pumzi za fundi, akajua bado hajakata.

"Ungesema hivyo tangu mwanzo, ningekuja bila ngazi."

"Unakuja, au unanisema?"

"Nakuja huku nakusema."

Alifika na shati jeupe, kola imekaa vizuri, mikono mitupu asijue aiweke wapi. Akaingia, akasimama katikati ya chumba.

"Nikae wapi?"

Muda wote ule fundi hakuwahi kukaa katika nyumba ile. Viti vilikuwa bado vimerundikwa pembeni, vimefunikwa nailoni ya kukinga rangi. Wakaivuta pamoja, huyu upande huu, yule upande ule. Dada Haloo akapanguza kiti kimoja, akamsogezea, kisha akaweka cha kwake karibu nacho.