Miguu ya Zamaradi

Mlima ulikatika mbele yao. Udongo mwekundu ukaporomoka na migomba yake, njia ikafutika. Farasi, jike la hudhurungi aitwaye Zamaradi, akarudi kinyumenyume kwa hofu, na Shivani aliyeshika kamba akateleza. Mzee Kibwana, aliyekuwa akifuata nyuma, alisikia mlio wa kifundo cha mguu wa Shivani hata katikati ya mvua.

"Mguu, mzee. Umevunjika."

Walikuwa wakimteremsha Zamaradi kutoka Mgeta kwenda mjini kwa miguu, maana masika yale hakuna lori lililokubali kupanda. Nyuma yao kijito kilikuwa kimeshafurika, na simu imelowa imezima. Ilibaki njia ya msituni, mteremko mkali ambao Shivani asingeuweza ila mgongoni mwa farasi. Na farasi alikuwa anachechemea.

Wakajibanza kwenye kibanda cha shamba kilichoachwa. Kibwana akapapasa miguu ya mnyama, pale juu ya kwato: joto, magaga, usaha chini ya manyoya. Ugonjwa wa matope. Akafanya kama walivyofanya enzi za Mzee Natwarlal, baba yake Shivani, aliyemwajiri Kibwana akiwa kijana atunze farasi: akaosha tope, na maji hayajakauka akapaka mafuta ya nazi mpaka miguu ikang'aa.

Enzi hizo, nyuma ya mtaa wa Mwembesongo mjini, mahali ambapo leo pamejaa nyumba, Jumapili wageni walikuja kutazama farasi wakipitishwa. Vumbi, bizari, vicheko. Farasi mwenye miguu isiyong'aa hakutoka bandani.

"Baba angejitazama humo kama kwenye kioo," Shivani alisema, meno yakimgongana.

"Na asipojiona, ninanyimwa chai."

Wakacheka. Lakini kila asubuhi Kibwana aliosha, akapaka, na kila asubuhi miguu ilikuwa imevimba zaidi. Ndizi mbichi walizochemsha ziliisha. Shivani akaanza kuwaka homa.

"Shuka peke yako ukalete watu."

"Nikuache na nani?"

"Na Zamaradi."

"Mgonjwa amlinde mgonjwa! Hebu nyamaza, mama."

Shivani akalala ubavu, macho yakiwa usawa mmoja na kwato za Zamaradi aliyesimama mlangoni. Kisha akaita, "Mzee, huu wa nyuma wa kushoto huupaki?"

"Anapiga teke huyo. Niliuacha tangu siku ya kwanza, sikuuosha wala kuupaka."

"Njoo uuone."

Kibwana akainama. Magaga yalikuwa yamekauka, yanabanduka yenyewe, na chini yake ngozi changa, safi. Akakaa chini kwenye majivu. Miaka yote ile farasi walikuwa wakiponywa na jua la mjini lililokausha kila kitu. Huku mlimani mafuta yalikuwa yanaufungia unyevu ndani.

Akayanyoa manyoya kwa kisu. Akachemsha maji na chumvi, akayaacha yapoe kidogo, akalainisha magaga. Yaliyolegea aliyatoa, yaliyoshika aliyaacha. Shivani akavua shali yake.

"Hiyo ndiyo nguo kavu pekee uliyobaki nayo."

"Kausha, mzee. Usisugue. Bonyeza."

Kisha wakamwingiza Zamaradi ndani, juu ya majivu na maganda makavu ya mahindi, wao wakahamia mlangoni, kunakovuja. Maji yalikuwa kila mahali katika mlima ule. Kitu cha thamani kilikuwa ukavu, nao wakampa farasi. Walitetemeka wamekumbatiana kama ndugu waliolala njaa.

Uvimbe ukashuka polepole. Asubuhi moja Zamaradi akaukita chini mguu aliokuwa akiuning'iniza, akaukita tena. Kibwana akambeba Shivani, akampandisha.

Mteremko uliwachana kwa miiba. Kwato ziliteleza, mawe yakabingirika bondeni, Shivani akang'ang'ania shingo bila sauti. Mpaka wakatokea kwenye mashamba ya mboga, na mwanamke mwenye jembe akasimama wima.

"Jamani! Punda gani mrefu hivyo?"

Alisema anaitwa Mwanaasha. Akampa mgonjwa uji, akatuma watu wakatafute gari, kisha kwa ukarimu akaja na ndoo, akainama kuiosha ile miguu ya farasi iliyojaa tope.

"Usimwoshe!" wakapiga kelele wote wawili.

Mwanamke akaruka. "Sasa mtamwingiza mjini na tope hilo?"

"Na tope hilohilo, dada," Shivani alisema, machozi yakimtoka na kicheko. "Likikauka, tutalipukuta."

Kibwana, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumpitisha farasi mchafu mbele za watu, akaishika kamba.

"Mama Mwanaasha," alisema, "huna gunia kavu la kumkaushia miguu?"