Utepe Mwekundu wa Kifimbo

Miaka ile, kila Jumamosi asubuhi, Chiriku alikuwa akifua sare zake, anazianika, kisha anakimbilia kwa Bibi Muuguzi. Waliomwita Chiriku hawakukosea; mdomo wake haukujua kupumzika.

Bibi Muuguzi alikuwa amestaafu, lakini bado alitandika shuka kwa pembe kali kama za wodini. Mezani kwake palikuwa na tepe za rangi tatu, na mtaa mzima ulijua kazi yake. Ikitokea ajali kubwa, majeruhi wakazidi uwezo wa zahanati, wenye utepe mwekundu wangewahishwa hospitali, wa njano wangesubiri katika darasa la shule ya mtaa, na wa kijani wangekaa uwanjani pake.

Jumamosi moja mtaa ulifanya zoezi. Watu kumi walilala uwanjani wakijifanya wameangukiwa na ukuta wa soko, kila mmoja na kadi ya jeraha lake kifuani. Chiriku, mwenye miaka kumi na miwili, alikabidhiwa tepe kwa mara ya kwanza. Gari lilikuwa moja tu, pikapu ya mjomba wake seremala, yenye nafasi ya majeruhi wawili.

Rafiki yake, Kifimbo, alikuwa amelala karibu na goli. Kadi yake ilisema: mkono umevunjika, anaongea vizuri.

"Nifunge nyekundu," alinong'ona. "Nataka kupanda gari."

"Wewe ni njano."

"Acha hizo! Haya si maigizo tu?"

Chiriku alitazama huku na huku, akamfunga nyekundu. Wenye haki ya rangi hiyo walikuwa wawili, mama mmoja na mwashi aliyelala upande wa pili, kadi yake ikisema anashindwa kupumua. Sasa wakawa watatu.

Mjomba alipakia wawili wa karibu, yule mama na Kifimbo, akaondoka.

Bibi Muuguzi alitazama saa yake. "Mwashi amefariki. Saa nne na dakika ishirini."

"Kwa njaa!" mwashi akadakia, watu wakaangua kicheko. Bibi hakucheka.

Pikapu iliporudi, Bibi alisoma kadi ya Kifimbo, kisha akamgeukia mjomba. "Umembeba wa mkono, ukamwacha asiyeweza kupumua?"

"Alikuwa na nyekundu, mama."

"Uko wapi huo utepe?"

Kifimbo alikuwa ameshauficha mfukoni. Alitazama vidole vyake vya miguu.

"Basi nitatafuta dereva mwingine," Bibi alisema.

Mjomba alivua kofia. Aliipenda kazi ile. Kila mkesha wa zoezi aliiosha pikapu mpaka magurudumu. Chiriku alitazama tepe zilizobaki mkononi mwake. Akisema, angenyang'anywa tepe, na Kifimbo angemnunia. Akinyamaza, mjomba angeondolewa kwa kosa lisilo lake.

"Bibi, mjomba hana kosa. Mimi ndiye niliyemfunga nyekundu. Nilijua ni njano."

Kifimbo akautoa utepe polepole.

Bibi alimwomba mjomba radhi mbele ya wote, kisha akaagiza zoezi lirudiwe. Safari hii Chiriku alisoma kila kadi mara mbili. Mwashi alipakiwa wa kwanza, akilalamika kwamba miguu yake inaning'inia nje. Kifimbo alibaki darasani, amenuna, mpaka mjomba alipomchungulia dirishani: "Mkono unaendeleaje, mgonjwa?" Hapo akacheka.

Jioni, Bibi aliandika ripoti, Chiriku akiwa pembeni yake.

"Na jina langu utaliandika?"

"Nitaliandika. Wakubwa wanaopanga maandalizi ya ajali lazima wajue tulikosea wapi, na nani alisema ukweli."

"Utanipa tepe tena?"

"Nitakupa. Sikiliza, mjukuu wangu. Siku ya ajali, dereva hatasoma kadi, wala hatakuwa na muda wa kuuliza. Ataona rangi, ataiamini, atakanyaga mafuta. Uongo mdogo wa uwanjani unamfikia mtu usiyemwona. Leo mwashi amekufa kwenye karatasi. Shukuru ni karatasi, kisha uendelee na kazi."