Tovuti ya Fundi Miwani

Kila asubuhi fundi miwani alifungua duka. Alifuta vioo. Alining'iniza ubao wa herufi za kupimia macho. Kisha aliketi akautazama mlango. Mlango nao ukamtazama. Wateja hawakuja.

"Kaka yangu ameulizia tena," mkewe alisema huku akimimina chai. "Kazi ya banda la kuku bado ipo. Hata koti ameshakushonea."

"Koti gani?"

"La kijani. Lina picha ya jogoo kifuani."

Fundi alikisukuma kikombe kando. Duka likifungwa, hiyo ndiyo kazi iliyomngoja: kufukuzana na kuku wa shemeji mpaka azeeke.

"Subiri kidogo, mke wangu. Sasa tuna tovuti. Watu wataniona mtandaoni."

Tovuti hiyo aliitengeneza mwenyewe. Aliipenda kama mtoto wa uzeeni. Herufi zake zilikuwa nyembamba kama miguu ya mbu, za kijivu juu ya nyeupe. Katikati palikuwa na picha ya miwani. Ilizunguka, ikazunguka, mpaka simu ikapata moto. Namba ya duka ilijibanza chini kabisa kama panya.

"Ndiyo mitindo ya sasa," fundi alipenda kusema.

Mchana aliingia mama mkwe. Fundi alisimama upesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu."

Hapo fundi akaona. Mama mkwe alikuwa amevaa miwani mpya. Na si yeye aliyeiuza.

"Mama! Umeinunua wapi hiyo?"

"Duka la ng'ambo ya barabara. Ile ya zamani niliikalia. Nikaingia kwenye tovuti yako nitafute namba. Asubuhi nzima! Niliona ukungu tu, na kitu kinazunguka. Nikadhani ni feni."

Mkewe aliinama chini ya meza, eti anaokota kijiko. Meza ilitikisika kwa kicheko.

"Lakini mama, mimi mkwe wako ni fundi miwani!"

"Ndiyo shida yenyewe! Aliyevunja miwani ndiye anayekutafuta. Mwenye macho mazima akutafutie nini?"

Kwenye kiti cha wateja alikuwa ameketi jirani yao wa ghorofa ya juu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti. Alikuja kukaziwa skrubu ya miwani.

"Fundi," jirani alisema, "nikishindwa kusoma mstari wa chini wa ubao wako, unanigombeza?"

"Hata kidogo. Nakuonyesha herufi kubwa zaidi."

"Basi tovuti nayo uifanyie hivyo."

Jirani alifungua tovuti kwenye simu yake, akaiegemeza kwenye ubao. Fundi alisogea. Akakodoa macho. Hata yeye hakuona kitu.

"Siku hizi wanaojua mitindo wanakuza herufi," jirani alieleza. "Tumia rangi nyeusi juu ya nyeupe. Aina moja ya herufi inatosha, zikizidi ziwe mbili. Wengi watakufungua kwa simu, kwa hiyo ukurasa ujipange kufuata upana wa simu. Msomaji asivute huku na huku. Namba iweke juu, kwenye kitufe kinachotosha kidole gumba."

"Na miwani yangu inayozunguka?"

"Ipumzike. Inachelewesha ukurasa kufunguka, tena inatia watu kizunguzungu."

"Izunguke polepole je?"

"Fundi!"

"Haya, yaishe."

Walikaa kwenye kompyuta mpaka jioni, jirani akielekeza, fundi akirekebisha. Walipomaliza, mama mkwe akaambiwa avue miwani. Alishika simu, akasoma kwa sauti kama mtangazaji wa redio:

"Tunapima macho. Tunatengeneza miwani. Tupigie."

Akabonyeza. Simu ya fundi ikalia mfukoni.

"Mama, si niko hapa mbele yako!"

"Nyamaza wewe, naongea na fundi. Haloo, fundi? Hii miwani ya ng'ambo inaniteleza puani. Nije lini?"

Tangu hapo mlango ukapata kazi. Walikuja wazee, madereva, hata mwalimu aliyechoshwa na kusahihisha madaftari. Wote walisema waliisoma namba bila shida.

Koti la kijani lililetwa vilevile. Fundi alilikata vipande vipande. Kumbe kitambaa chake ni laini sana kwa kufutia vioo. Kipande chenye jogoo alikichukua mama mkwe, na hataki kukiazima kwa mtu.