Karatasi Niliyoikalia

Kila asubuhi mimi na wifi yangu tulitoka nyumba moja, tukapita njia moja, tukaingia karakana moja. Karakana yetu inachapa vitambaa. Mimi nimekuwa mchoraji pale kwa miaka tisa, na kwa sababu ya mkono wangu watu wananiita Mama Maua. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, wanamwita Kimya. Hasemi sana. Anauliza tu.

Nilimleta mimi mwenyewe. Naomba hilo likumbukwe. Alikuwa amekaa nyumbani bila kazi, nikamwonea huruma, nikamwombea nafasi kwa Bosi wetu. Nilimwonyesha penseli ipi ni laini, mkasi upi unakata, na choo kipi mlango wake haufungi. Miezi minane baadaye, wateja wawili walikuwa wamechagua michoro yake na kuirudisha yangu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nikajiambia. Watamchoka.

Hawakumchoka. Basi nikaingiwa na wivu. Nasema waziwazi ili tusipoteze muda. Akipiga pasi huku akiimba, naona ananiimbia mimi. Akinyamaza, naona ananicheka moyoni. Siku moja mume wangu alisema dada yake ana kichwa kizuri. Nikamuuliza, na mimi juu ya shingo nina nini, boga?

Jumatatu moja Bosi alituita. Alikuwa ameshika karatasi. Hospitali ilitaka kitambaa cha mapazia ya wodi ya watoto, yale yanayozunguka kitanda. Alisema sote wawili tuchore. Ijumaa muuguzi mkuu wa wodi ile angekuja kuchagua. Kisha akaongeza neno lililonitoa jasho: yule ambaye mchoro wake utachaguliwa atakaa meza ya dirishani, na ndiye atakayesimamia kazi zote za kuchora.

Meza ya dirishani ni yangu. Karakana nzima ina dirisha moja tu kubwa, na mwanga wake unaangukia pale. Kwenye meza ya wifi, pembeni karibu na stoo, rangi ya bluu na nyeusi utazitenganisha kwa kunusa. Miaka tisa nimekaa dirishani. Hata mbao za meza ile zina alama ya kiwiko changu.

Bosi alinipa karatasi mimi, kwa kuwa ni mkubwa. "Hii ni moja tu. Someni wote," akasema. Kisha akasafiri kwenda kununua wino.

Ile karatasi ndiyo tunayoiita maelekezo ya mteja. Humo mteja anaeleza kitambaa ni cha nini, nani atakitumia, anataka rangi ngapi, kitafuliwa vipi. Mimi sikuwa na tabia ya kuisoma. Nilijua kuchora, ya nini kuelekezwa? Lakini wifi alikuwa akizisoma karatasi hizo mstari kwa mstari, na penseli mkononi. Nikawaza, bila karatasi huyu hana kitu. Nikainua mto wa kiti changu, nikaiweka chini yake, nikaikalia.

Wifi alipoiulizia, nilimwambia sijui ilipo. Baada ya chakula cha mchana akauliza tena.

"Labda Bosi aliondoka nayo," nikamwambia.

Aliniangalia kidogo. "Sawa, wifi," akasema, akachukua daftari lake, akatoka.

Mimi nikachora. Nilichora kama mtu aliyetukanwa. Mpaka Jumatano jioni nilikuwa na shada kubwa la maua mekundu, majani ya aina tatu, na ndege wawili wanaotazamana. Rangi sita. Wachapaji walikuja kutazama, wakasema mkono huu ni wa kuzaliwa nao. Nikawaambia waseme kwa sauti, kuna mtu pale karibu na stoo hasikii vizuri.

Lakini wifi hakuwa na mchoro wowote. Jumatatu alitoka, Jumanne alitoka. Jumatano alikuwa anakata vipande vya karatasi kama mtoto wa chekechea. Nilifurahi mpaka nikaona haya kidogo, kidogo tu.

Alhamisi, alipokwenda kunawa mikono, nilifungua daftari lake. Nilitarajia kuona vichekesho. Nikaona maswali, na majibu aliyokwenda kuyachukua hospitali.

Nani atalitazama pazia? Mtoto aliyelala, tena kwa siku nyingi. Analitazama kutoka wapi? Chini, ubavuni. Litafuliwa mara ngapi? Kila siku, kwa maji ya moto. Kitu gani hamtaki? Hapo jibu lilikuwa limepigiwa mistari miwili, lakini nilisikia hatua zake, nikalifunga daftari. Kurasa zilizofuata nilikuwa nimeziona harakaharaka: vimichoro vidogo, kila kimoja kama kiberiti, zaidi ya ishirini. Vingi vimekatwa kwa mstari.

Nikarudi kitini. Karatasi ikalia chini ya mto. Kwa mara ya kwanza nilitamani kuisoma, na sikuweza, maana wifi alikuwa amekaa akinitazama.

Ijumaa Bosi alirudi, na muuguzi akafika. Alikuwa mama mwenye viatu vya kazi na macho ya kuchoka. Tulitandaza michoro juu ya meza yangu. Alisimama mbele ya mchoro wangu muda mrefu.

"Mzuri sana huu," akasema. "Ningeutundika sebuleni kwangu."

Nikamtupia wifi jicho.

"Lakini wodini siwezi kuuweka," muuguzi akaendelea. "Mimi nikipita asubuhi natafuta damu. Doa dogo jekundu kwenye pazia linaniambia mtoto ametokwa na damu, au pazia halijabadilishwa. Kwenye maua haya nitaliona wapi? Tuliandika kwenye karatasi yetu: tusiwekewe nyekundu. Tuliandika pia rangi mbili tu. Hamkusoma?"

Bosi alinigeukia. Aliniuliza karatasi iko wapi.

Nitasema ukweli wote. Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa kwamba wifi ameipoteza. Lilikuwa tayari kwenye ulimi. Yeye mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, wala hakunitazama, na nilijua kwamba nikisema hivyo hatabisha. Hilo ndilo lililonishinda. Ningekuwa nimemshinda mtu asiyepigana.

Mficha uchi hazai. Nilisimama, nikainua mto, nikatoa karatasi. Ilikuwa na makunyanzi na bado ina joto.

"Nilikuwa nimeikalia," nikasema. "Nilimficha wifi asiione. Na mimi mwenyewe sikuisoma."

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Wifi aliichukua karatasi ile, akailaza mezani, akainyoosha kwa kiganja. Kisha akatandaza mchoro wake.

Walikuwa konokono. Konokono wadogo wa bluu na kijani, wamegeukia kila upande, mmoja juu, mmoja chini, mmoja ubavuni. Ukiligeuza pazia, bado yupo konokono anayekwenda sawa. Mtoto aliyelala angepata wa kwake. Na kati yao kila baada ya hatua kuna mmoja asiye na nyumba mgongoni, ili mtoto apate kazi ya kumtafuta. Muuguzi alimtafuta papo hapo, akampata, akacheka. Mwili ule uliochoka ukawa mwepesi.

Konokono wenyewe hawakuwa wamechorwa vizuri. Ningewachora vizuri zaidi nikiwa nimefumba jicho moja. Lakini kazi ilikuwa imekwisha kuchaguliwa, na aliyechaguliwa hakuwa mimi.

Jioni ile nilihamisha vitu vyangu kupeleka pembeni karibu na stoo. Penseli, rula, mto wa kiti. Nyumbani nilimweleza mume wangu kila kitu kabla hajasikia kwa mwingine. Akasema dada yake alikuwa amesharudi, na hakumwambia chochote. Hapo ndipo nilipolia. Wivu ulikuwa haujaondoka. Ulikuwa umeongezewa aibu tu.

Wiki iliyofuata hospitali ilileta karatasi nyingine. Sasa walitaka kitambaa cha viti vya chumba wanapongojea kina mama. Muuguzi alikuwa ameandika chini kwa mkono wake kwamba anaomba yule wa maua ajaribu. Bosi alinipa bila kunitazama usoni. Safari hii niliiweka juu ya meza, nikaisoma mara tatu. Halafu nikaenda dirishani.

"Wifi," nikasema, "nifundishe unavyofanya."

Nilikuwa nimejiandaa anicheke. Alivuta kiti akanipa.

"Kwanza piga mstari chini ya kila kitu walichokitaja," akasema. "Kisha tazama walichokisahau. Hicho ndicho cha kwenda kuuliza. Kuuliza si ujinga."

Nilipiga mistari. Walitaja rangi tatu, kitambaa kizito, maua. Walisahau kusema viti vina ukubwa gani. Tulikwenda kupima. Viti vilikuwa vyembamba, na shada langu la kawaida lingekatwa katikati, nusu ya ua kitini, nusu kwenye takataka za fundi. Nililiona hilo kwa rula, si kwa kuambiwa. Nikauliza pia kina mama hukaa pale muda gani. Muuguzi alisema wengine hukaa kutwa nzima, wameinamisha macho.

Nilirudi nikataka kuchora ua kubwa zuri mara moja. Wifi akanishika mkono. Alisema nichore kwanza vidogo, kumi au zaidi, bila kuvipamba, kisha nimpelekee mteja vitatu achague kimoja. Kukifuta kidogo hakuumi. Nilichora kumi na wanne. Vinane vilikuwa vibaya, na kweli havikuniuma.

Jambo la mwisho ndilo lililonishangaza. Kitambaa kinachapwa kwa fremu yenye wavu wa kupitishia rangi, na fremu inarudia mchoro uleule tena na tena. Kwa miaka tisa michoro yangu ilikuwa ikiacha ufa pale fremu moja inapokutana na nyingine, na mimi nikiwalaumu wachapaji. Wifi alichukua nakala ya mchoro wangu, akaikata vipande vinne sawa. Moyo ulinipasuka. Kisha akavibadilisha mahali: vya kushoto kulia, vya juu chini, mpaka kingo zote za nje zikakutana katikati. Pale katikati kukaonekana pengo kama njia ya panya.

"Ufa wako ndio huu," akasema. "Sasa uzibe kwa majani, ukiwa unauona."

Nilichora majani yakavuka mahali pa kukata, yakashikana. Tulichapa kipande kidogo cha kujaribia, tukakifua, tukakianika. Kijani kilififia, tukakibadilisha. Ndipo tukachapa chote.

Siku viti vilipokamilika, Bosi alitupeleka kuviona. Mama mmoja alikuwa amekaa pale, ameinama, na kidole chake kilikuwa kinafuata shina la ua langu kwenye kiti cha pembeni, kutoka jani hadi jani, polepole, bila kufika mwisho, maana mwisho haupo. Hakujua sisi ni nani. Muuguzi alituambia wengi hufanya hivyo.

Sasa hospitali inatuletea kazi sisi wawili. Meza ya dirishani bado ni ya wifi, na Bosi hajasema habari ya kuirudisha, wala mimi sijauliza. Tumeisogeza tu kidogo, yangu ikaingia ubavuni mwake, kila mtu anapata kipande chake cha mwanga. Karatasi za maelekezo tunazibandika ukutani, juu, mahali ambapo huwezi kuzifikia ukiwa umekaa. Hilo lilikuwa wazo langu.

Lakini nilitaka kusema habari ya siku ile ya viti. Tulikuwa tunarudi, tumefika karibu na nyumbani. Mlangoni wifi akasimama.

"Yale majani yako," akasema. "Mimi nauliza maswali yote yale kwa sababu siwezi kuchora jani hata moja likapinda vile. Toka siku ya kwanza nakuonea wivu, wifi."

Niliingia ndani, nikachukua pasi na nguo za mume wangu, na nilipokuja kushtuka nilikuwa naimba.