Barua ya Maude Lachapelle

Saa saba na dakika arobaini mchana, Jumamosi ya Februari, Yvon Sirois alifungua kabati katika ukumbi wa chini ya kanisa, mtaani Rosemont, akakuta barua mbili. Jana yake, mbele ya watu wote, ziliingia tatu. Wagombea watatu wa uongozi wa chama walikuwa wamejibu swali moja kwa maandishi: je, watu wa Quebec ni taifa? Majibu yangesomwa saa nane, kisha wanachama wapige kura. Iliyopotea ni ya Maude Lachapelle.

Funguo za kabati zilikuwa mbili: mmoja wa Yvon na mwingine wa mwenyekiti, Fernand Ouimette. Gaétane Thivierge, sajini mstaafu wa polisi, aliombwa achunguze kabla watu hawajaanza kurushiana viti.

Macho yote yalimwangukia Yvon, maana alimpigia debe mpinzani wa Maude na mdomo wake hauna breki. Alisema tangu asubuhi alikuwa mji wa Laval akimzolea mama yake theluji. Mama alipopigiwa simu alithibitisha, akaongeza kwamba kazi yenyewe mwanawe aliilipua.

Fernand, anayeishi peke yake, alisema mafua yalimlaza. Tangu jana hakutoa hata pua nje mpaka alipoanza safari ya mkutanoni, saa saba na robo. Gaétane ni jirani yake. Alikumbuka kwamba saa tatu asubuhi mitambo ya kuzoa theluji ilipita upande wa Fernand, na kila gari lililokaidi vibao vya kukataza kuegesha lilikokotwa. Saa saba kamili gari la Fernand lilikuwa mlangoni kwake, juu ya lami iliyokwanguliwa.

Gaétane alimwita Fernand jikoni mwa ukumbi, supu ya njegere ikichemka.

"Mzee, gari lako siku hizi linajiendesha?"

"Gari limefanya nini tena, Sajini?"

"Mtambo umezoa pale lilipolala. Nani aliliondoa, mafua?"

Fernand akakaa, akatoa bahasha kifuani.

"Nilikuja asubuhi kuchungulia tu, nimwandae Réal."

Réal ni kaka yake. Katika kura ya maoni ya miaka kumi na moja iliyopita, Réal alitaka Quebec ijitenge iwe nchi yake, Fernand akakataa. Hawakusemezana mpaka Krismasi iliyopita, Fernand alipomwapia kwamba Maude angetamka neno taifa. Réal akakata kadi ya chama hiki cha wapinga kujitenga, alichokichukia maisha yake yote, na sasa alikuwa ukumbini, safu ya mbele. Barua ilisema hapana, Fernand akaificha.

"Naona aibu, Gaétane. Nisomee wewe."

"Aliyeiba ndiye atakayesoma."

Saa nane na dakika tano Fernand alikiri wizi wake mbele ya watu, akasoma mistari minne ya barua. Réal alivaa koti, kifungo kwa kifungo, akamwendea mdogo wake.

"Huyo Maude nilijua atakataa," alisema. "Kadi niliikata kwa sababu yako, Fernand. Na wewe ukaona bora uniibie."